Muwasho ni Shahidi Mwongo

Mwezi wa sita kule Lushoto, ukifungua bomba asubuhi maji yanakuuma vidole kama umechapwa rula. Shule yetu ya wasichana ilikuwa mlimani, juu ya mji, na karatasi ya kujiunga ilisema kila mwanafunzi aje na blanketi moja. Aliyeiandika karatasi ile nadhani alikuwa akiishi Tanga mjini. Taa zikishazimwa saa nne tulikuwa tunahama: wawili kitanda kimoja, mablanketi mawili juu, miguu ya mmoja imebanwa kwenye miguu ya mwenzake. Matroni alijua. Alikuwa akikohoa mara mbili mlangoni kabla hajaingia na tochi, na tochi ilipowaka kila mtu alikuwa ameshajirusha kitandani kwake.

Tulipofika kidato cha pili, mwenzangu wa blanketi alianza kujikuna. Mchana kidogo, usiku sana. Nilikuwa nikiamshwa na sauti ya kucha kwenye ngozi kavu, kama panya anayetafuna gunia. Usiku mmoja wa mbalamwezi alininyooshea mkono dirishani. Katikati ya vidole kulikuwa na vipele vidogo, na kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na vistari viwili vitatu vilivyopinda, vifupi, vyembamba kama vipande vya uzi wa kushonea. Mimi sikuwashwa popote. Nikajihesabu mzima.

Wiki mbili baadaye karibu bweni zima lilikuwa likijikuna, na shule ikatangaza vita. Magodoro yaliyochoka yalichomwa nyuma ya jiko. Mashuka yalichemshwa kwenye mapipa ya mafuta, tukageuza kwa miti kama tunasonga ugali wa harusi. Kisha wanaowashwa wakaitwa. Walioga kwa maji ya baridi, wakapangwa mstari wakiwa wamejifunga kanga, na muuguzi wa shule akawapaka dawa nyeupe kama maziwa kutoka kwenye dumu, kuanzia shingoni hadi nyayoni. Ilikuwa benzili benzoeti. Inanuka kama rangi ya mlango, na ikigusa palipochunika unaona nyota mchana. Sisi tuliliita zoezi lile josho, kwa sababu wengi wetu tulitoka kwenye nyumba zenye ng'ombe.

Mimi nilikuwa nimeshika beseni. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu sikuwashwa.

Wiki tatu baadaye nilikuwa kwenye mstari, na mwenzangu aliyekwisha kupakwa alikuwa nyuma yangu, amerudi tena. Vita vyote vile, moshi wote ule wa magodoro, havikuzaa kitu. Wahenga wanasema upele humwota asiye na kucha, lakini sisi tulikuwa nazo, tena ndefu, na kucha ndizo zilizotuletea usaha. Msichana mmoja wa bweni la pili aliamka uso umevimba na mkojo wake una rangi ya chai ya rangi. Alilazwa hospitali siku nyingi, akapona. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba bakteria wanaoingia kwenye vidonda vya kujikuna wanaweza kuamsha mwilini mapambano ambayo huishia kuumiza figo. Yote hayo yanaanzia kwa kidudu ambacho huwezi kukiona vizuri bila lenzi.

Muhula ulipofungwa nilikwenda Pangani kwa bibi. Alinitazama ninavyokunja vidole, hakuuliza. Alituma mtoto dukani akalete unga wa njano, ule ambao Kiswahili kimeupa jina la kibiriti upele, maana wazee waliijua kazi yake kabla ya maabara. Akauchanganya na mafuta ya nazi. Nilidhani ataniita peke yangu uani. Akaita watu wote: mama, mjomba, watoto watatu wa mjomba, dada wa kazi, hata babu, aliyekuwa akiapa kwamba hajawashwa tangu uhuru.

"Wewe hunijui," babu akasema. "Mimi siwashwi."

"Mimi sipaki anayewashwa," bibi akamjibu. "Napaka nyumba."

Alipaka nyumba usiku wa siku tatu mfululizo. Nguo tulizozivaa zikaanikwa juani au kufungwa kwenye mfuko. Hakuchoma hata mkeka. Wiki moja baadaye akarudia. Na mimi bado nilikuwa nawashwa! Mama akataka nipakwe tena, tena kwa nguvu zaidi. Bibi akakataa. "Mwizi ameshaondoka," akasema, "mbwa bado anabweka. Mwache atachoka." Wiki ya tatu mbwa akachoka.

Miaka mingi baadaye, nikihariri kurasa za afya za jarida moja, ndipo nilipokuta maelezo ya kile bibi alichokifanya bila kusoma. Kidudu cha upele ni jamaa wa kupe mwenye urefu usiofika nusu milimita. Jike huchimba kijia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo, na vile vistari nilivyoviona kwa mbalamwezi vilikuwa barabara zake. Mtu wa kawaida mwenye upele ana vidudu kumi hadi kumi na tano tu mwili mzima. Wachache kiasi hicho wanawezaje kumkosesha mtu usingizi? Kwa sababu kinachowasha zaidi ni mwili wenyewe kuwakataa wao, mayai yao na uchafu wao, na mwili wa mtu ambaye hajawahi kuwapata unahitaji wiki nne hadi sita kugundua kwamba una wageni. Muda huo wote anaambukiza huku akijiona mzima. Wakishakufa, mizoga na uchafu wao hubaki ndani ya ngozi, na muwasho huendelea wiki mbili, tatu, hata nne, mpaka ngozi ijitupie takataka zake nje.

Kwa hiyo pale bwenini mimi niliyeshika beseni nilikuwa nao. Shule iliuliza muwasho nani mgonjwa, nao muwasho ukadanganya. Aliyewashwa alipakwa, akarudi kulala na asiyewashwa.

Kuhusu magodoro, nilisoma habari iliyonichekesha na kuniuma kwa pamoja. Mwaka 1941, wakati wa vita, mtaalamu wa wadudu aitwaye Kenneth Mellanby alikusanya katika mji wa Sheffield, Uingereza, vijana waliokataa kwenda jeshini kwa sababu za dhamiri, wakajitolea kuambukizwa upele. Serikali ya huko ilikuwa ikipoteza fedha na nguvu kufukiza mablanketi ya askari. Mellanby akawalaza vijana wake uchi ndani ya mablanketi yaleyale machafu ya askari wenye upele, usiku baada ya usiku. Walioambukizwa walikuwa wachache mno. Upele ulihama vizuri pale ngozi ilipolala na ngozi. Kidudu kikianguka kwenye shuka hakimalizi siku nyingi, siku mbili tatu kinakufa. Kwa maneno mengine, shule yetu ilichoma magodoro ikaacha blanketi moja kwa kila mtu. Fedha za magodoro yale zingenunua mablanketi, na kila msichana angelala kwake.

Kitu kingine kilichonigusa ni barua ya mwaka 1687, ambamo daktari wa Kiitalia Giovanni Cosimo Bonomo alieleza kwamba upele unaletwa na kidudu hicho. Alifikiaje hapo? Pamoja na mambo mengine, alisikia kwamba kina mama masikini huwatoa watoto wao vidudu kwa ncha ya sindano, akaenda kutazama kwa hadubini. Yaani kina mama walijua kwanza. Madaktari wakubwa wa Ulaya waliendelea zaidi ya karne moja kubishana kama si damu chafu.

Siku hizi kituo cha afya kitakupa benzili benzoeti ileile au krimu ya pemethrini, na mahali upele ulipoenea sana hutumika vidonge vya ivamektini. Wajawazito na watoto wachanga bado hupewa marhamu ya salfa, binamu wa mchanganyiko wa bibi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Mimi sikuusahau. Lakini dawa yoyote utakayopewa, masharti ni yale ya Pangani: wote wa nyumba siku moja, anayewashwa na asiyewashwa, shingoni hadi nyayo pamoja na chini ya kucha, kisha kurudia baada ya wiki moja au mbili.

Ungedhani baada ya somo hilo nisingedanganywa tena. Nilidanganywa, tena mwanangu mwenyewe akiwa mapajani.

Alikuwa na miaka mitano. Kwenye shavu lake lilitokea duara la ukubwa wa shilingi, ukingo umeinuka na una magamba, katikati pametulia. Bibi angelitambua akiwa upande wa pili wa barabara: choa, au mashilingi kama wengine wanavyosema. Nami nililitambua. Kosa langu lilikuwa haraka. Shule ilikuwa inafungua Jumatatu, na duka la dawa lilikuwa hatua ishirini kutoka getini. Kijana wa dukani hakutoka nyuma ya kaunta. Alitupa jicho moja kwenye shavu akaniwekea mbele tyubu ndogo. "Hii inamaliza kila kitu, mama. Ni tatu kwa moja." Na kweli zilikuwa tatu: dawa ya fangasi, antibayotiki, na steroidi kali.

Siku ya pili mtoto aliacha kujikuna. Siku ya nne ukingo ulikuwa umelala. Niliwasifia watu wa ofisini ile tyubu, na wawili wakaenda kununua. Kila nilipoacha kupaka, shavu lilirudi, nami nikarudi dukani. Hadi mwezi wa pili duara halikuwa duara tena. Lilikuwa baka lisilo na mpaka, limefika sikioni, lina vipele vya kahawia, na ngozi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Nywele nazo zilikuwa zimeanza kukatika juu ya sikio.

Desemba hiyo tulikuwa Moshi kwa wakwe zangu. Moshi ina bahati yake: tangu mwaka 1992, katika eneo la hospitali ya KCMC, kipo kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na ndiko yanakotengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino. Tulimpata daktari kijana mwenye subira. Hakuandika kitu kwanza. Alichukua wembe butu, akakwangua magamba ya ukingoni yakaangukia kwenye kioo, akadondoshea tone la potasiamu haidroksaidi, akasubiri. Kisha akaniita nichungulie.

Nilitegemea kuona wadudu. Niliona nyuzi. Nyuzi zinazong'aa, zenye vipingili kama mianzi, zimekatiza kwenye seli za ngozi ya mwanangu kama mizizi ya mgomba kwenye udongo.

"Steroidi imewaambia walinzi wakalale," daktari akasema. "Muwasho ni kelele za walinzi. Ukisikia kimya usidhani mwizi amekimbia."

Nikamkumbuka bibi na mbwa wake. Habari ilikuwa ileile, imegeuzwa: kwa bibi mbwa alibweka mwizi akiwa ameondoka, kwangu mimi mbwa alinyamazishwa mwizi akiwa jikoni.

Tyubu iliachwa. Muwasho ukarudi kwa hasira, kama alivyotuonya, na tukaagizwa tuvumilie. Kwa shavu tulipewa krimu ya klotrimazoli, asubuhi na jioni, kupita ukingo wa baka kwa upana wa kidole, na kuendelea wiki mbili baada ya jicho kusema pamepona. Kwa kichwa krimu haitoshi hata ukimaliza katoni, kwa sababu fangasi wa mapunye wanaishi ndani ya unywele wenyewe. Alikunywa griseofulvini wiki nane, pamoja na maziwa, maana dawa hiyo hupenda mafuta ili ifyonzwe. Tulibadilisha na kinyozi, baada ya kuona mashine moja inapita vichwa kumi bila hata kufutwa. Nywele zilirudi zote.

Nilitoka Moshi nikiichukia steroidi kama mchawi. Chuki hiyo ilinifanya nikosee mara ya tatu.

Binti wa mdogo wangu ana pumu ya ngozi. Ndani ya viwiko na nyuma ya magoti ngozi yake ilikuwa imekakamaa, ya kijivu inayoelekea zambarau, kama ngozi ya tembo. Vitabu vingi vinasema pumu ya ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeupe, sawa. Kwenye ngozi zetu wekundu huo hujificha chini ya weusi, na mama anayetafuta wekundu atasubiri sana. Mdogo wangu aliandikiwa marhamu ya steroidi hospitali, akanipigia kuniuliza. Nami, mwenye elimu ya tyubu moja, nikamwambia atupe. Mtoto alikesha wiki tatu akijikuna mpaka shuka likawa na damu.

Nilipokwenda kwa daktari wa watoto pamoja na mdogo wangu, nilielezwa kwa upole ambao sikuustahili. Dawa iliyoharibu shavu la mwanangu ndiyo iliyomfaa huyu, kwa sababu kwake hapakuwa na mwizi. Walinzi wenyewe ndio waliokuwa wakipigana ovyo ndani ya nyumba yenye kuta zinazovuja. Kazi kubwa ilikuwa kuziba kuta: kuoga kwa maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi, sabuni kidogo isiyo na manukato, kisha mafuta mgando kabla ngozi haijakauka, kila siku, hata siku asiyowashwa. Hasa siku asiyowashwa. Steroidi ilipangiwa siku chache za vurugu, ya nguvu inayolingana na mahali, usoni hafifu kabisa, kisha kupumzishwa. Na hawakumwahidi kupona; watoto wengi hutulia wakikua, basi. Mdogo wangu alilia aliposikia hivyo. Nadhani alilia kwa ahueni, maana kila mganga kabla ya hapo alimwahidi kupona akamtoza kwa ahadi hiyo.

Shangazi yangu na mkorogo wake ni habari ndefu na nitaikata. Alianza kwa kufuta alama nyeusi alizoachiwa na chunusi, alama ambazo kwa ngozi zetu huchukua miezi kadhaa na huondoka zenyewe. Alimaliza na uso wa rangi mbili, mistari mapajani, na chunusi nyingi kuliko za kwanza kila alipojaribu kuacha. Kwenye mikebe yake, ile iliyokuwa na maandishi, tulisoma haidrokwinoni na steroidi ileile ya tyubu ya mwanangu. Mingine haikuwa na maandishi.

Lakini aliyenifundisha zaidi hakuwahi kujikuna hata mara moja.

Ni fundi seremala wa mtaani kwetu, Tanga, mtu wa miaka hamsini hivi, aliyenitengenezea kabati ninaloandikia jirani yake sasa. Alikuwa na baka lililopauka kwenye mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Alikuwa nalo mwaka wa pili. Kila mtu alimwambia ni utangotango, na joto la Tanga lilivyo, nani angebisha? Utangotango tunao nusu ya mji; fangasi wake wanaishi kwenye ngozi ya kila mtu, na jasho likizidi wanastawi na kuacha mabaka. Akapaka dawa ya fangasi. Hakuona tofauti, wala hakuhangaika. "Haliniwashi," alikuwa akisema. "Lisilokuwasha halikudai."

Siku moja nilimkuta anapiga msasa, na cheche ya sigara ya msaidizi wake ikamwangukia palepale kwenye baka. Nilinusa nywele zikiungua kabla yeye hajageuka. Aliipangusa bila kuitazama, akaendelea kuniambia bei ya mninga.

Nilirudi nyumbani sikuweza kula. Kesho yake nilimbembeleza twende hospitali, nikamdanganya kwamba naogopa kwenda peke yangu.

Leo amemaliza dawa. Zilikuwa za miezi sita kwa kuwa mabaka yake hayakuzidi matano; wenye mengi zaidi hunywa miezi kumi na miwili. Zilitoka kwenye pakiti zenye siku zilizopangwa, bila malipo, kama ilivyo duniani kote tangu mwaka 1995. Hakulazwa, hakutengwa, hakuacha kupiga randa hata siku moja, kwa sababu ukishaanza dawa za ukoma uambukizaji hukoma mapema sana. Mkewe na watoto walichunguzwa. Vidole vyake vyote vinafanya kazi, na alichelewa miaka miwili tu. Wapo wanaochelewa mpaka mishipa ya fahamu ikaharibika kabisa, kisha majeraha wasiyoyasikia yakawala vidole polepole.

Siku ile hospitali, muuguzi alimkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, akasokota pamba mpaka ikawa na ncha. Akamwonyesha kwanza macho yakiwa wazi: nikikugusa, weka kidole hapo nilipogusa. Kisha akamwambia afumbe macho. Pamba ikagusa bega, fundi akaweka kidole begani. Ikagusa kiganja, akaweka kidole kiganjani, akatabasamu kama mtoto anayeujua mchezo. Ikagusa katikati ya baka. Ikagusa tena, pembeni kidogo. Ikagusa mara ya tatu, na mimi niliyekuwa nimesimama nyuma ya kiti nikajikuta nimejishika mkono wangu mwenyewe mahali hapohapo.

Fundi alikuwa amekaa ametulia, macho amefumba, kidole kipo tayari hewani.

"Endelea tu, sista," akasema. "Mimi nakusubiri wewe."